Maswali ya munganga: juu ya nini anauliza mambo ya nyumba yako?

Mama anafika kwenye kituo cha afya. Ana damu inayotoka nje ya siku zake, ama maji yenye harufu, ama maumivu chini ya kitovu. Anangojea kipimo na dawa. Badala yake anapewa maswali. Umezaa mara ngapi? Mimba ngapi zilitoka? Ulianza kulala na mwanaume ukiwa na miaka ngapi? Damu inakuja ukishalala na bwana yako? Bwana anafanya kazi wapi, na anarudi nyumbani kila wakati gani? Ulishapimwa SIDA? Ni nani kwa jamaa yenu alikufa na ugonjwa wa tumbo ama wa ziwa?

Wengi wanajibu nusu. Wengine wanakasirika na kutoka. Machimboni habari haikawii, na iwe Zongwe ama kwingine katika teritware ya Kalemie, neno linalozunguka ni moja: "Kule banauliza mambo ya kitanda, mie nilienda juu ya tumbo." Mama mwingine akisikia hivyo, kesho yake anaenda kununua vidonge kwenye kibanda cha dawa, ambako hakuna mtu wa kumuuliza kitu.

Tuseme wazi. Katika kansere za uzazi za wanawake, maswali hayo si maneno ya pembeni. Katika nchi ambayo mashine ni chache na ziko mbali, ndiyo kipimo cha kwanza, na mara nyingi ndicho kipimo pekee ambacho bibi wa mchimbaji anaweza kukipata siku ile ile bila kupanda pikipiki. Lakini ni kipimo kinachoharibika upesi. Kinaharibika mama akificha, na kinaharibika zaidi munganga akiuliza vibaya: mlango wazi, mama mkwe pembeni, watu kumi kwenye foleni wanasikiliza.

Jambo hili lina uzito sasa. Mwaka 2025, kwa mara ya kwanza, tarehe 17 ya mwezi wa 11 iliadhimishwa rasmi kuwa siku ya dunia ya kumaliza kansere ya mlango wa kizazi. Tarehe haikuchaguliwa ovyo. Tarehe hiyo hiyo, mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilizindua mpango wa 90-70-90 wa kufikiwa mwaka 2030: wasichana 90 kwa 100 wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, wanawake 70 kwa 100 wawe wamepimwa kwa kipimo kizuri kufikia miaka 35, na tena kufikia miaka 45, wanaokutwa na ugonjwa, 90 kwa 100 watunzwe. Mwaka 2022 peke yake wanawake karibu 660 000 waligunduliwa na kansere hiyo duniani, na karibu 350 000 walikufa nayo. Katika vifo 100, 94 vilitokea katika nchi maskini na za kipato cha kati.

Namba tatu hizo ni nzuri. Ila hakuna namba ya nne inayosema ni wanawake wangapi waliulizwa vizuri, na bila hiyo tunaogopa kwamba tatu za kwanza zitabaki kwenye karatasi kwa watu wanaoishi kando ya shimo.

Wachimbaji wajue kwamba kazi yao ndiyo ilileta swali moja kubwa katika uganga. Mwaka 1700, kule Modena, Italia, munganga Bernardino Ramazzini alitoa kitabu juu ya magonjwa ya wafanyakazi. Sura ya kwanza inahusu wachimba madini. Aliwaambia waganga wenzake kwamba juu ya maswali ya zamani waongeze moja: unafanya kazi gani? Katika kitabu hicho hicho aliandika kwamba masista wa kanisa walipata kansere ya ziwa kuliko wanawake wengine. Zaidi ya miaka 100 nyuma yake, mwaka 1842, Mwitalia mwingine, Domenico Rigoni-Stern, alihesabu vifo vya mji wa Verona na kuona kinyume upande wa kizazi: masista walikufa kidogo na kansere ya kizazi, wanawake walioolewa walikufa zaidi. Hakuwa na darubini ya virusi. Alikuwa na orodha ya vifo na jibu la swali moja, huyu aliolewa ama hapana. Kutoka hapo watu wakaanza kufikiri kwamba ugonjwa unapita njia ya ndoa, mpaka Mjerumani Harald zur Hausen alipoonyesha virusi vyenyewe, vinavyoitwa HPV, na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Basi munganga anapouliza mambo ya kitanda, anafuata njia iliyopatikana kwa kuuliza.

Tuanze na damu, maana hapo ndipo wamama wengi wanapotea.

Kuna damu ya namna tatu ambayo munganga anataka kuitofautisha. Damu inayokuja nyuma ya kulala na mwanaume: hiyo inaelekeza macho kwenye mlango wa kizazi, kwa sababu kidonda cha pale kikiguswa kinatoka damu. Damu inayokuja kati ya mwezi na mwezi. Na damu ya mama ambaye siku zake zilikatika zamani, mwaka mmoja ama zaidi, halafu siku moja anaona tone kwenye nguo. Bibi wa miaka 60 anacheka na kusema "nimerudi kuwa kijana". Hapana. Damu hiyo, hata ikiwa kidogo sana na haiumi, inatakiwa kuangaliwa bila kungojea ya pili, kwa sababu ni dalili kubwa ya kansere ya ndani ya kizazi. Si kila mara ni kansere, na hata mara nyingi si yenyewe. Lakini hakuna mtu anayeweza kujua kwa kuangalia uso wa mama.

Ndiyo maana swali la "damu ilianza lini, inakuja wakati gani" lina bei kuliko swali la "damu ni nyingi?". Na kuna swali jingine ambalo halisikiki vya kutosha: ulishakunywa dawa gani, mara ngapi? Njia inayojulikana sana ni hii. Mama analalamika juu ya maji yenye harufu, anaambiwa ni enfeksio, anapewa antibiotiki. Inatulia wiki mbili, inarudi. Kituo kingine, antibiotiki nyingine. Kwa sababu familia inafuata mawe, leo machimbo haya, kesho yale, kila muuguzi anamuona kama mgonjwa mpya. Hakuna hata mmoja anayejua kwamba hii ni mara ya tano. Mama akisema "nimetibiwa enfeksio hii mara tano kwa mwaka mmoja", sentensi hiyo peke yake inatosha kumfanya munganga mwenye akili aache kalamu, amlaze mama, amuangalie kwa chombo cha kufungulia uke na kuona mlango wa kizazi kwa macho yake. Mengi yanaishia hapo: kuangalia. Muuguzi aliyefundishwa anapakaa asidi ya siki, ile vinegre iliyopimwa nguvu yake, anangojea dakika moja, na pahali palipo na ubaya panageuka peupe. Zambia ilianza kazi hiyo mwaka 2006 kwa mikono ya wauguzi, katika vituo vya kawaida vya afya. OMS inaomba mwanamke wa kawaida aanze kupimwa akiwa na miaka 30, na mwenye virusi vya SIDA aanze na miaka 25.

Hapo tunafika kwa SIDA na kwa bwana.

Swali la SIDA linaulizwa kwa sababu mwanamke mwenye virusi hivyo ana hatari mara sita zaidi ya kupata kansere ya mlango wa kizazi kuliko asiye navyo. Tena ugonjwa unakimbia. Kwa mwanamke mwenye nguvu ya mwili, kutoka HPV mpaka kansere ni miaka 15 mpaka 20. Kwa yule ambaye kinga yake imeshuka, inaweza kuwa miaka 5 mpaka 10. Anayekunywa dawa zake kila siku asiogope kusema. Anayeficha anamfanya munganga ahesabu miaka vibaya.

Swali la wanaume wangapi, na ulianza lini, linauma. Tunaelewa. Lakini tuangalie hiyo miaka 15 mpaka 20. Mama wa miaka 42 anayegunduliwa leo anaweza kuwa alipata virusi akiwa na 23, hata kwa bwana wake wa kwanza na wa pekee. Karibu kila mtu anayelala na mtu anakutana na HPV siku moja. Kwa wengi mwili unaifukuza bila wao kujua. Kwa hiyo kansere hii haitoi ushahidi wa uzinzi. Bwana anayerudi kutoka machimboni na kusema "ugonjwa huu unaonyesha ulikuwa unatembea" anasema uongo wa sayansi, na pengine anasahau kuhesabu safari zake mwenyewe. Mchimbaji anayekaa miezi minne mbali na nyumba ni sehemu ya historia ya bibi yake, atake asitake. Anayo majibu ambayo bibi hana. Hakuna kipimo cha HPV kinachofanywa kwa kawaida kwa wanaume, kwa hiyo mdomo wake ndio unabaki.

Kwa sababu hiyo hiyo mama aulizwe kwanza peke yake. Haulizwi mbele ya bwana wala mbele ya mama mkwe, na mtoto wa miaka kumi asitumwe kutafsiri kutoka kwa lugha ya nyumbani. Bwana ataitwa nyuma, mama akikubali, na yeye pia asikilizwe peke yake. Sheria ya Kongo inaadhibu munganga ama muuguzi anayetoa siri ya mgonjwa, mama ana haki kuuliza, kabla ya kufungua mdomo: "Fishi hii itasomwa na nani?"

Upande wa jamaa watu wanachanganya sana. Wengi wanaogopa kansere ya mlango wa kizazi kana kwamba ni ya ukoo, wanafika hata kumkataza kijana kuoa nyumba ile. Kansere hiyo inaletwa na virusi. Zinazoweza kutembea katika damu ya ukoo ni nyingine: ya mifuko ya mayai, ya ziwa, na ya ndani ya kizazi ikienda pamoja na kansere ya utumbo mkubwa. Hapo munganga anatafuta watu wawili watatu wa ukoo mmoja, hasa waliougua kabla ya miaka 50. Na anauliza upande wa baba pia. Hilo watu hawalitegemei. Dada ya baba aliyekufa na ziwa akiwa na miaka 38 ana maana sawa na dada ya mama, kwa sababu mwanaume anabeba urithi huo na kumpa binti yake bila yeye kuugua.

Shida ni kwamba kwetu watu wa zamani hawakufa na "kansere". Walikufa na tumbo, na uchawi, na "alitupiwa kitu", na damu. Munganga akiuliza "kuna kansere kwenu?" jibu ni hapana, na anaandika hapana. Afadhali aulize: ni nani alivimba tumbo bila mimba? Nani alikuwa na kidonda cha ziwa kisichopona? Nani alitoka damu mpaka akafa, alikuwa na miaka ngapi, alizikwa wapi? Shangazi na nyanya wanajua. Kabla ya kwenda kwa munganga, mama akae nao jioni moja.

Na lile swali la umezaa mara ngapi, linalofikiriwa kuwa la kuandikisha tu? Lina sura mbili. Aliyezaa mara nyingi, saba, nane, hatari yake inapanda upande wa mlango wa kizazi. Ambaye hakuzaa, ama alizaa kidogo, inapanda upande wa mifuko ya mayai na wa ndani ya kizazi, zaidi akiwa na sukari ya damu na mwili mzito. Vidonge vya kupanga uzazi vile vile: vikitumika miaka mingi vinapandisha kidogo hatari ya mlango wa kizazi, vinashusha ya mifuko ya mayai. Munganga hapimi dini yako. Tumbaku nayo ina nafasi yake hapo, ikiwemo ile ya wamama wanaovuta kimya kimya jikoni.

Kuna swali moja ambalo tungependa kila muuguzi wa eneo la machimbo alibandike ukutani: mimba yako ya mwisho iliisha namna gani?

Fikiria mama wa miaka 27 anayekohoa damu. Anakonda. Bwana yake anachimba, nyumba imejaa vumbi, jirani anakunywa dawa za kifua kikuu. Kila mtu anajua jibu: kifua kikuu. Na mara nyingi ni kweli, kwa hiyo makohozi yapimwe. Lakini kama miezi michache nyuma alikuwa na mimba iliyotoka vibaya, hasa ile ambayo waganga wanaita mola, mimba isiyo na mtoto, inayotoka kama vipande vya zabibu, basi kuna ugonjwa mwingine wa kufikiria. Mabaki ya mimba kama hiyo yanaweza kugeuka kansere, inaitwa koriokarsinoma, na inapenda kukimbilia mapafu. Inaweza kuja hata nyuma ya mimba iliyotoka ya kawaida, ama nyuma ya kuzaa vizuri. Dawa za kifua kikuu haziigusi. Wakati mama anamaliza miezi sita ya vidonge, yenyewe inatembea.

Kinachouma ni kwamba hii ni kati ya kansere zinazopona vizuri kuliko zote. Mwaka 1956, kule Marekani, wagonjwa waliokuwa nayo hata kwenye mapafu walianza kuponyeshwa kwa dawa moja inayoitwa metotreksati. Ikishikwa mapema, karibu wote wanapona, na wengi wanazaa tena. Na mlango wa kuigundua ni wa bei ndogo: karatasi ya kupima mimba kwa mkojo, ile ya duka la dawa. Kama inasema kuna mimba na ekografi haioni mimba, munganga anajua atume mama wapi. Mama aliyetoka mola anatakiwa kupimwa hivyo kila mara kwa miezi, na asishike mimba nyingine mpaka aambiwe sawa. Lakini yote hayo yanategemea jibu lake juu ya mimba ya mwisho. Na mimba iliyotolewa kwa siri, mama haisemi, hasa kama bwana hakuwepo. Hapo tena mlango uliofungwa unaweza kuokoa mtu.

Tuseme neno fupi juu ya maji. Wamama wa machimbo wanasimama mtoni wakiosha mchanga, maji yakifika kiunoni, kwa siku nzima. Kichocho, ile bilharzia, hasa ya aina inayoleta mkojo wa damu, inaweza kuingia mpaka kwenye mlango wa kizazi na kuleta damu na vidonda vinavyofanana na kansere, ama na ugonjwa wa zinaa. OMS inakadiria wanawake milioni 56 wa Afrika wanayo namna hiyo. Kwa hiyo munganga aulize: unaosha madini? Tangu utoto unaogea wapi? Mkojo uliwahi kuwa mwekundu? Kosa linaweza kwenda pande zote mbili, kumwambia mwenye kichocho kwamba ana kansere, ama kumpa mwenye kansere vidonge vya kichocho na kumrudisha nyumbani.

Mkojo unaovuja nao una maswali yake. Hospitali ya Panzi, Bukavu, iliyoanzishwa na munganga Denis Mukwege mwaka 1999, imefanya watu wengi wa mashariki wajue fistula, na hilo ni jambo jema. Lakini si kila mkojo unaovuja ni fistula ya kuzaa. Kama ulianza siku chache nyuma ya uchungu mrefu, ndiyo, ielekee huko. Kama mama hajazaa kwa miaka saba, na kabla ya mkojo kulikuwa damu na maji yenye harufu, huenda kansere ya mlango wa kizazi imeshatoboa kibofu. Safari si ile ile, na matibabu si yale yale.

Hata ugonjwa ukishajulikana kwa biopsi, maswali hayaishi. Unataka bado kuzaa? Kidonda kikiwa kidogo sana, inawezekana kukata sehemu tu na kuacha kizazi. Miale ya radioterapi, yenyewe, inafunga uzazi. Mguu mmoja umevimba? Mgongo unauma upande mmoja, mkojo umepungua? Hapo munganga anaogopa kwamba njia ya mkojo imezibwa na figo zinateseka, na dawa kubwa inayopewa pamoja na miale, sisplatini, ni nzito kwa figo. Unakunywa dawa gani za SIDA, za sukari, za presha? Na majani: umeweka dawa ya kienyeji ndani ya uke? Mama anaona aibu kusema ndiyo. Lakini majani yanayochoma yanageuza sura ya kidonda, na munganga anaweza kusoma vibaya anachokiona.

Halafu swali ambalo halimo kwenye vitabu vya Ulaya: ukitumwa mbali, nani atabaki na watoto, na nani anatoa feza? Kutoka Kalemie njia ni za kuhesabu. Kuna treni ya SNCC kuelekea Lubumbashi, wakati inapotembea. Kuna ndege. Kuna mashua ya kwenda Kigoma, na kutoka huko nchi nzima ya Tanzania mbele yako mpaka Ocean Road, Dar es Salaam, hospitali ya kansere. Kuna Lusaka, kupitia Kasumbalesa, ambako hospitali ya kansere ilifunguliwa mwaka 2007. Njia ya Bukavu imekuwa ngumu tangu Goma na Bukavu zilipochukuliwa na M23 mwezi wa kwanza na wa pili 2025. Munganga asiyeuliza jambo hilo anaandika karatasi ya kumtuma mgonjwa, na mama anaikunja, anaiweka chini ya godoro.

Hapa wachimbaji wana jambo la kusema. Miaka ya 1920, dawa kubwa ya kansere ya mlango wa kizazi kule Ulaya ilikuwa radiumu, iliyowekwa ndani ya mwili karibu na kidonda. Sehemu kubwa ya radiumu ya dunia ilitoka Shinkolobwe, Katanga, mawe ya Union Minière yaliyosafishwa Olen, Ubelgiji, kuanzia mwaka 1922. Miaka 100 imepita. Jiwe letu lilijua njia ya hospitali kabla ya mama zetu.

Leo kuna sheria ya migodi iliyorekebishwa tarehe 9 ya mwezi wa 3, 2018. Ushuru wa madini, ile redevansi, unagawanywa: 50 kwa 100 serikali kuu, 25 jimbo, 15 kwa mtaa wenyewe, maana yake sekta, shefferi ama komini ambako mgodi uko, 10 kwa mfuko wa vizazi vitakavyokuja. Tena kampuni yenye cheti cha kuchimba inapaswa kutoa angalau 0,3 kwa 100 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Mchimbaji wa mikono atasema hizo ni hesabu za wakubwa. Ni kweli kwa sehemu. Lakini koperative zinakaa kwenye mikutano, ma-PDG wa mashimo wanajulikana, na kila mara orodha ya maombi ni ile ile: daraja, shule, kiwanja cha mpira. Watu wakiambiwa kansere, wanaomba mashine, wanaambiwa mashine ni mamilioni ya dola, na mkutano unaishia hapo.

Waombe kwanza kitu kidogo zaidi. Chumba chenye mlango unaofungwa na pazia kwenye dirisha. Muuguzi mwanamke mmoja aliyefundishwa kuuliza na kuangalia, asiyehamishwa kila mwezi. Chombo cha kufungulia uke, asidi ya siki, taa nzuri, karatasi za kupima mimba. Na fishi ya kartoni ngumu ambayo mama anaondoka nayo, isiyobaki kwenye kabati ya kituo wakati familia imeshahamia machimbo mengine. Wenye kuendesha zoni ya afya wanajua hayo. Wanahitaji watu wa chini wayadai kwa sauti.

Kwa sasa, mama ambaye hana fishi anaweza kutengeneza yake kwenye daftari ya mtoto. Aandike, ama amwambie binti yake aandike: mwaka wa damu ya kwanza na wa damu ya mwisho. Mimba zote, pamoja na zile zisizosemwa, na namna kila moja iliisha. Enfeksio za chini alizotibiwa, wapi, na vidonge gani. Ganda la dawa lenye jina abandike hapo hapo. Kama alishapimwa mlango wa kizazi, tarehe na jibu. Majina ya waliokufa na tumbo ama ziwa, pande mbili za jamaa, na miaka yao. Chanjo za mabinti pia: msichana aliyesomea upande wa Kigoma anaweza kuwa alichanjwa HPV, kwa sababu Tanzania inaitoa kwa wasichana nchi nzima tangu mwezi wa nne 2018, na kadi yake isitupwe. Daftari hiyo isikae kwa bwana wala kwa mama mkwe. Ikae kwenye begi lile lile ambalo wakati wa kuhama linabebwa la kwanza.